Jina la ukoo Butterworth: lilikotoka, lilivyosambaa, na namna ya kulifuatilia

Msaka_Nasaba aliuliza:

Wadau, salaam. Swali hili ni kwa wanaozijua nyaraka za Uingereza.

Jina Butterworth lina mambo. Wanaosoma elektroniki wanakijua kichujio cha Butterworth. Malaysia kuna mji wa Butterworth, upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Penang. Afrika Kusini, Eastern Cape, kuna mwingine. Wapenzi wa muziki wa Kiingereza wanamjua mtunzi George Butterworth, aliyeuawa kwenye mapigano ya Somme Agosti 1916. Je, hawa wote ni chimbuko moja? Ni kweli jina limetoka Rochdale, Lancashire, au ni maneno tu ya wauza nembo za koo?

La pili, na ndilo linalonisumbua zaidi: mtu akishafika kwenye sensa ya 1851 anatokaje hapo kurudi nyuma? Chukulia mfano ulio wa kawaida kabisa: John Butterworth, umri miaka 44, mfumaji wa flaneli, mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Lancashire, Rochdale". Ukitafuta ubatizo wake unapata akina John Butterworth chungu nzima. Unamchaguaje aliye wako?

---

Kumbukumbu_Kale:

Karibu mkuu. Nianze na asili, maana hiyo haina ubishi mkubwa.

Butterworth ni jina la mahali kabla ya kuwa la watu. Palikuwa na kitongoji kikubwa kiitwacho Butterworth upande wa mashariki wa Rochdale, kinachopanda kutoka bondeni hadi kwenye nyika za milima ya Pennines, mpakani na Yorkshire. Leo ramani haikuandikii Butterworth. Eneo hilo utaliona likiitwa Milnrow na Newhey. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, butere na worth, yaani boma au uwanja wenye uzio ambako siagi ilitoka. Maana yake ni malisho mazuri ya ng'ombe, basi. Ukisoma mahali kwamba jina linatokana na mtumishi wa stoo ya vinywaji kwenye jumba la bwana, funga ukurasa huo.

Majirani zake wamejengwa kwa namna hiyohiyo: Whitworth, Ashworth, Wardleworth, Saddleworth, Failsworth. Na ndani ya kitongoji hichohicho kimoja cha Butterworth mlikuwa na mashamba na majumba yaliyozaa majina mengine ya ukoo ambayo mpaka leo yamejaa Rochdale: Clegg, Belfield, Ogden. Hii ndiyo tabia ya nchi ile ya milima. Watu hawakuishi kwenye kijiji kimoja kilichokusanyika pamoja na kanisa katikati. Waliishi shamba mojamoja, kila shamba na jina lake, na anayekaa pale akaitwa kwa jina la pale.

Sasa jihadhari na jambo moja. Ukikuta hati ya karne ya 13 yenye mtu anayeitwa "de Butterworth", usirukie kusema tayari ni jina la ukoo. Kwa wakati ule baba angeweza kuwa "de Butterworth" na mwanawe aliyehamia shamba la jirani akawa "de Clegg". Kusini mwa Uingereza familia nyingi zilikuwa na majina ya kurithi kufikia katikati ya karne ya 14, ila Lancashire na Yorkshire zilichelewa, na kwenye kodi ya kichwa ya 1379 bado unakuta watu wanaotambulishwa kwa jina la baba au kazi tu. Hakika ya kurithi unaipata pale mtu anapoitwa Butterworth huku hati inaonyesha anaishi mahali pengine, na mwanawe anaitwa vilevile.

Vyanzo vya kuanzia kwa kipindi hicho: kodi ya mali ya 1332 ya Lancashire, ambayo iligusa wenye mali zinazohamishika tu (sehemu ya kumi mijini, ya kumi na tano mashambani), kwa hiyo masikini hawamo kabisa. Kisha kodi za kichwa za 1377, 1379 na ile ya tatu iliyoleta uasi wa 1381. Kiwango cha chini cha 1379 kilikuwa peni 4 kwa aliyezidi miaka 16, mke na mume wakihesabiwa pamoja, ndiyo maana wake hawaonekani mara nyingi.

Halafu unaruka mpaka 1626. Mwaka huo milki ya mwinyi ya Rochdale ilipimwa na kuandikwa, kitongoji kwa kitongoji, mpangaji kwa mpangaji, na upimaji huo ulishachapishwa. Kwa ukoo huu ni hazina kuliko sensa yoyote, kwa sababu unakuambia Butterworth yupi alishika shamba lipi na jirani yake ni nani. Milki yenyewe baadaye ilikuwa mikononi mwa akina Byron, walewale waliopewa ubwana wa Rochdale mwaka 1643. Mshairi Lord Byron ndiye aliyeiuza, 1823.

---

Ramani1881:

Nachukua upande wa usambazaji, kwa sababu hapa watu wengi wanahesabu vibaya.

Kosa la kawaida: mtu anaingia kwenye faharasa ya sensa ya 1881, anaandika Butterworth, anahesabu walio Manchester, Salford, Rochdale, Oldham, London, kisha anasema "Manchester ni wengi, basi wametoka Manchester". Miji mikubwa ina kila jina kwa wingi. Unachotaka ni uwiano. Gawanya idadi ya wenye jina kwa idadi ya watu wote wa wilaya ile ya usajili, zidisha kwa 10,000. Tuseme, kwa hesabu ya kubuni tu, wilaya A ina watu 60,000 na Butterworth 300: hiyo ni 50 kwa kila 10,000. Wilaya B ina watu 300,000 na Butterworth 450: hiyo ni 15 tu. B ina watu wengi zaidi wenye jina, lakini nyumbani kwa jina ni A.

Ukifanya hivyo kwa Butterworth ukachora ramani, doa zito linakaa Rochdale. Linapungua kidogo kuelekea Oldham, Bury, Rossendale na Todmorden. Ukivuka milima kuingia upande wa Halifax na Huddersfield bado wapo, kwa uwiano mdogo zaidi. Ukifika Kent, Norfolk au Devon ni mmojammoja, na ukimfungua utakuta mara nyingi mahali pa kuzaliwa ni Lancashire.

Hapo ndipo penye ujanja wangu ninaoupenda: usichore ramani ya mahali pa kuishi peke yake, chora ya mahali pa kuzaliwa. Sensa ya 1881 imenakiliwa yote na unaweza kuipekua bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Chagua wenye miaka 50 na zaidi tu. Hao walizaliwa 1831 au kabla, na reli kutoka Manchester ilifika Littleborough, jirani kabisa na Milnrow, mwaka 1839, ikatoboa mlima hadi Yorkshire 1841. Maana yake unaiona hali ya kabla ya reli na kabla ya wimbi kubwa la viwanda kuwatawanya watu. Doa linajikusanya vizuri mno kuliko ukitumia watu wote.

Tahadhari mbili tatu za sensa hii. Mahali pa kuzaliwa aliyejibu ni mkuu wa kaya, si kila mtu kwa kinywa chake, na "Rochdale" inaweza kumaanisha mji, parokia nzima ya zamani, au wilaya ya usajili. Todmorden inavuruga kaunti: mpaka wa Lancashire na Yorkshire ulipita katikati ya mji mpaka ulipohamishwa mwanzoni mwa 1889, kwa hiyo mtu yuleyule anaandikwa amezaliwa Lancashire sensa moja na Yorkshire sensa nyingine bila yeye kudanganya. Na tangu Aprili 1974 Rochdale iko Greater Manchester, jambo ambalo baadhi ya tovuti hulirudisha nyuma hadi karne ya 17, eti ubatizo wa 1650 "Greater Manchester". Usichuje kwa kaunti, utapoteza watu.

Kwa nini waliongezeka wakakaa palepale badala ya kutawanyika? Uchumi. Familia ya milimani ilikuwa na shamba dogo na mtambo wa kufumia sufu ndani ya nyumba. Ekari chache zisizotosha kulisha watoto sita zilitosha kama watoto hao wanachambua, wanasokota na kufuma. Kijana hakuhitaji kusubiri kurithi shamba ndipo aoe. Shamba likigawanywa, kipato cha kitambaa kiliziba pengo. Ndiyo maana majina ya milima hii, Butterworth, Clegg, Sutcliffe na Greenwood upande wa pili, yana watu wengi mno ndani ya eneo dogo mno.

---

Msaka_Nasaba:

Shukrani wakuu. Hapo kwenye parokia na kitongoji naona giza kidogo. Rochdale ilikuwa na parokia ngapi?

---

Mfunua_Daftari:

Moja, na ndilo tatizo na ndiyo dawa pia. Parokia ya kale ya Rochdale ilikuwa kubwa ajabu: vitongoji vya Castleton, Spotland, Hundersfield na Butterworth, pamoja na Todmorden na Walsden, na juu ya yote hayo Saddleworth, ambayo kiserikali ilikuwa Yorkshire. Kanisa mama ni St Chad, Rochdale, na madaftari yake yanaanza 1582. Chini yake kulikuwa na makanisa madogo: Milnrow, Littleborough, Todmorden, Whitworth, Saddleworth.

Mtego wa kwanza uko hapo: kanisa la Saddleworth nalo linaitwa St Chad. Daftari lake linaanza 1613. Faharasa nyingi zimeandika "St Chad" tu, mtu akaweka Rochdale kwa kukisia. Kila unapoona St Chad fungua picha ya ukurasa wenyewe.

Sasa huyo John wako wa mfano. Tumpitishe hatua kwa hatua.

Sensa ya 1851 ilikuwa ya usiku wa Machi 30. Miaka 44 maana yake amezaliwa kati ya mwisho wa Machi 1806 na mwisho wa Machi 1807, kama umri ni wa kweli. Ongeza nafasi ya miaka miwili kila upande: 1804 hadi 1809.

Mtafute sensa ya 1841, ya Juni 6. Pale umri wa waliotimiza 15 na kuendelea ulitakiwa ushushwe hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo utamwona akiwa 30, au 35 kama alizaliwa miezi ya Aprili au Mei 1806. Usimkatae kwa sababu "amekua miaka 14 ndani ya miaka 10". Mahali pa kuzaliwa 1841 ni ndiyo au hapana tu: kaunti hii au siyo. Faida ya 1841 ni majirani na kitongoji. Andika jina la shamba au mtaa, hilo utalihitaji.

Kisha ndoa. Kama alioa baada ya Julai 1, 1837, cheti kinataja jina la baba na kazi yake, na umemaliza nusu ya safari. Kwa umri wake huenda alioa mwishoni mwa miaka ya 1820, na daftari la wakati huo halimtaji baba. Lakini tangu sheria iliyoanza Machi 1754 linabeba sahihi au alama ya msalaba ya maharusi, na mashahidi wawili. Shahidi mwenye jina la Butterworth ni ndugu mara nyingi, ila angalia: shahidi yuleyule akijitokeza kwenye kila ndoa ya ukurasa, huyo ni karani wa kanisa. Na angalia pia kama alifiwa akaoa tena baada ya 1837. Ndoa ya pili humtaja baba, na watu huisahau kwa sababu wanatafuta mama wa watoto tu.

Mkusanye kila John Butterworth aliyebatizwa 1804 hadi 1809 kwenye parokia yote, siyo St Chad peke yake. Tovuti ya kujitolea ya Lancashire OnLine Parish Clerks ni bure na inaonyesha makazi na kazi ya baba pale daftari lilipoandika. FreeREG, tovuti nyingine ya bure ya madaftari ya parokia, nayo iangalie. Daftari za ubatizo za kabla ya 1813 hazikuwa na fomu moja. Kasisi aliandika alivyopenda. Kuanzia Januari 1, 1813 fomu zilizochapwa zinadai makazi na kazi ya baba. Kwa hiyo tafuta wadogo zake: kama wazazi waliendelea kuzaa hadi 1813 au 1815, ubatizo wa mtoto wa mwisho utakupa kitongoji na kazi ambavyo ubatizo wa John hauna.

Usiache watu wa nje ya Kanisa la Anglikana. Eneo hili lilikuwa na Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo wengi. Madaftari yao mengi yalikabidhiwa serikalini baada ya 1837 na sasa yako Hifadhi ya Taifa, Kew, kwenye mfululizo wa RG 4. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, hivyo tafuta orodha za kuzaliwa.

Halafu anza kuua. Samahani kwa lugha hiyo, lakini ndiyo kazi yenyewe: kwa kila John kwenye orodha tafuta mazishi ya utotoni. Vifo vya watoto vilikuwa vingi na orodha ya watu kumi inaweza kubaki na sita. Wanaobaki, mpe kila mmoja ndoa yake, watoto wake, nyumba yake ya 1841 na 1851. Usimtafute wako tu, wajenge wote. Ukiwapa wengine watano maisha kamili mpaka kaburini, aliyebaki ndiye wako, na una hoja ya kumtetea. Anayechagua John wa kwanza anayelingana na mwaka anajenga ukoo wa watu wengine.

Majina ya watoto husaidia kidogo tu. Kila familia pale ilikuwa na James, John, Abraham na Mary. Kinachosaidia kweli ni kitongoji na majina ya utani ya mnyororo. Lancashire ya kusini wenyewe waliona majina yamewachanganya, wakaitana kwa mfululizo wa baba: Jack o' Bill's o' Tom's, yaani Jack wa Bill wa Tom. Mara mojamoja karani aliliandika hilo daftarini pembeni ya jina rasmi. Ukilipata umepata vizazi vitatu kwa mstari mmoja.

---

Kumbukumbu_Kale:

Nyongeza kwa wanaovuka 1752, mwaka Uingereza ilipobadili kalenda, kurudi nyuma. Kabla ya hapo mwaka wa kanisa na wa sheria ulianza Machi 25. Ubatizo wa "Februari 1699" kwa hesabu yetu ni Februari 1700, na mtoto aliyebatizwa Januari 1699 hakuzaliwa kabla ya ndugu yake wa Juni 1699. Andika 1699/1700 usichanganyikiwe.

Na kodi ya meko, 1662 hadi 1689, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko, imepangwa kwa vitongoji. Kwa ukoo wenye watu wengi ndani ya kitongoji kimoja ni njia nzuri ya kuona nani alikuwa na nyumba ya meko manne na nani alikuwa na moja.

---

Herufi_na_Kinyota:

Kuhusu kutafuta kwenye faharasa: msitegemee kitufe cha "majina yanayofanana". Programu nyingi hutumia Soundex, mfumo unaolipa jina herufi na namba kufuata sauti yake. Butterworth kwa Soundex ni B366. Mnakili akiangusha r ya pili akaandika Butterwoth inakuwa B363, na Buttworth pia ni B363. Hawatakuja kabisa. Tumia kinyota, alama inayosimama badala ya herufi zozote: Butterw*, But*worth, B*t*rw*th. Kwenye hati za zamani utakuta Botterworth, Buterworth, na ufupisho Butterwth wenye th ndogo juu, ambao wanakili huusoma "Butterwick" au "Butterwith". Butterwick na Butterfield ni koo tofauti zenye asili zao, lakini ukikosa mtu wako wapekue hao pia ndani ya Rochdale.

Kwa vyeti vya kuzaliwa: faharasa ya kawaida ya kitaifa, ile iliyonakiliwa kwenye tovuti ya FreeBMD, haina jina la mama la kuzaliwa mpaka robo ya mwaka iliyoishia Septemba 1911. Faharasa mpya ya ofisi kuu ya usajili yenyewe inalo tangu 1837. Ukiwa na Butterworth wengi wa wilaya moja, hiyo ndiyo inayokuwezesha kuwagawa watoto kwa wazazi bila kununua vyeti ovyo. Kumbuka wazazi walikuwa na siku 42 za kuandikisha, hivyo mtoto wa Novemba anaweza kutokea robo ya Machi. Na kabla ya 1875 wapo ambao hawakuandikishwa kabisa.

---

Kijana_wa_Y:

Mbona hamjagusa DNA? Kama jina ni la mahali pamoja, si wanaume wote wa Butterworth watakuwa na kromosomu Y moja, ile anayoirithi mwana wa kiume kwa baba yake?

---

Ramani1881:

Hapana, na hapa ndipo watu wanatapeliwa wakiwa macho. Kutoka kitongoji kimoja si sawa na kutoka mwanaume mmoja. Watu wawili au watatu wasio ndugu waliohama Butterworth wangeweza wote kuitwa kwa jina la walikotoka. Hata kama mwanzilishi ni mmoja, karne saba ni nyingi: mtoto wa nje ya ndoa huchukua jina la mama, mtoto wa kambo huchukua la baba wa kambo, na sheria ya Uingereza tangu zamani inamruhusu mtu kubadili jina bila hati yoyote ilimradi hafanyi ulaghai.

Utafiti uliofungua mlango huu ulichapishwa mwaka 2000, juu ya ukoo wa Sykes, jina jingine la Pennines upande wa Yorkshire. Walipimwa wanaume 48, na karibu nusu, siyo wote, walikuwa na muundo mmoja wa kromosomu Y. Waliobaki walitawanyika. Na huo ulihesabiwa kuwa ushahidi mzuri wa mwanzilishi mmoja!

Kwa matumizi: pima alama 37 za kromosomu Y (sehemu zinazolinganishwa kati ya mtu na mtu) angalau, 111 ni bora. Pima wanaume wawili wa matawi mawili ambayo tayari yana karatasi za kufika miaka ya 1700, siyo mtu mmoja peke yake. Mmoja akipima akapata Clegg wanaofanana naye, usishangae. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Matokeo ya mtu mmoja hayasemi lolote kuhusu jina.

Na nembo: Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, siyo jina. Hakuna nembo ya "ukoo wa Butterworth". Anayekuuzia anakuuzia picha.

---

Kijana_wa_Y:

Lakini ramani yako inaonyesha doa moja. Doa moja bila mwanzilishi mmoja?

---

Ramani1881:

Doa moja linathibitisha mahali pamoja. Idadi ya waanzilishi ni swali lingine, na ramani haina uwezo wa kulijibu. Clegg wana doa karibu palepale na asili tofauti.

---

Kumbukumbu_Kale:

Turudi kwenye miji aliyoitaja muuliza swali, maana hajajibiwa.

Stephen Butterworth wa kichujio, aliyechapisha nadharia yake 1930, alizaliwa Rochdale kabisa. Huyo hana haja ya maelezo.

Butterworth ya Afrika Kusini ilianza kama kituo cha misheni ya Wamethodisti 1827, ikapewa jina la Joseph Butterworth, mweka hazina wa chama cha misheni, muuza vitabu vya sheria London na mbunge wa Coventry na baadaye Dover. Alizaliwa Coventry, katikati ya Uingereza, lakini baba yake, mchungaji wa Kibaptisti, alitoka Goodshaw huko Rossendale, kaskazini tu ya Rochdale. Mfano mzuri: ukisimama Coventry utadhani ni tawi la kusini; kizazi kimoja nyuma uko milimani tena. Na waliohama kwa njia ya dini ni wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu makanisa ya Kibaptisti yalitoa barua za utambulisho kutoka kanisa moja kwenda jingine, na vitabu vya kumbukumbu za kanisa hutaja mtu alikotoka. Ni ushahidi ambao parokia haikupi.

Ng'ambo mapema zaidi kuna John Butterworth wa Rehoboth, Massachusetts, ambaye nyumbani kwake lilianzishwa kanisa la Kibaptisti mwaka 1663, lile lililokuja kuwa la Swansea.

Ile ya Malaysia imepewa jina la William John Butterworth, gavana wa makoloni ya Straits kuanzia 1843 hadi 1855. Usimuunge na mtu yeyote wa Rochdale mpaka uwe na karatasi.

---

Msaka_Nasaba:

Nimeelewa vizuri sana. Swali la mwisho: wosia. Kama baba yake John alikuwa na shamba dogo, wosia wake ungekuwa wapi kabla ya 1858? Nimeangalia faharasa ya mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury, hayumo.

---

Mfunua_Daftari:

Hatakuwemo. Hiyo ilikuwa ya matajiri na wenye mali zaidi ya dayosisi moja. Rochdale ilikuwa dayosisi ya Chester tangu 1541, na wosia za upande wa Lancashire zilizothibitishwa Chester sasa ziko Lancashire Archives, Preston. Saddleworth nayo ilifuata parokia, siyo kaunti, kwa hiyo usiipeleke York. Itafute Chester pia.

Na hapa kuna kitu kinachowapita wengi. Chester ilitenganisha mali za paundi 40 na zaidi na zile za chini ya hapo. Za chini zinaitwa Infra na ziliwekewa orodha ya peke yake. Mfumaji mwenye mtambo, ng'ombe wawili na vyombo vya ndani alikuwa mtu wa Infra kabisa. Ukipekua orodha kuu tu ukamkosa, hujamtafuta bado. Tafuta pia orodha ya mali iliyoambatanishwa, hasa kwa wosia za kabla ya katikati ya karne ya 18: inataja mitambo ya kufumia, sufu iliyosokotwa, madeni, na majina ya wakadiriaji, ambao kwa desturi walikuwa majirani. Majina hayo yalinganishe na majirani uliowaandika kutoka sensa na kodi ya ardhi ya 1780 hadi 1832.

Kuanzia Januari 12, 1858 wosia zote ni za kiserikali na kalenda yake ni ya nchi nzima, mwaka kwa mwaka. Kama baba aliishi mpaka hapo, anza na hiyo, inachukua dakika chache.